Ukimbania fundi hela ya ufundi, ataitoa kwenye spea

Kila nikisema kwamba sevisi ndogo za gari langu nazifanya mwenyewe nyumbani, watu hudhani nabana matumizi. Jirani mmoja ameshanipa namba ya fundi wake "asiye na makuu", kwa huruma kabisa. Nimeipokea, jirani ni jirani, lakini hela ya fundi haijawahi kuwa tatizo langu.

Hiyo hoja ya kuokoa hela tumeiazima kwenye video za YouTube. Mmarekani anayekufundisha kumwaga oili anaishi mahali ambapo saa moja ya fundi ni ghali, na kwa wakala wa kampuni ya gari ni ghali zaidi, kwa hiyo akijilaza chini ya gari Jumamosi asubuhi anainuka na kitu mfukoni. Hapa Dar es Salaam hesabu haiendi hivyo. Kwenye gereji ya mtaani, ufundi wa kumwaga oili na kubadili filta mara nyingi ni hela ndogo kuliko bei ya lita moja ya oili nzuri. Ukinunua jeki ya maana, stendi za kushikilia gari, seti ya spana na beseni la kukingia oili, itakuchukua miaka kurudisha gharama ya vifaa. Kama shida yako ni matumizi, mpelekee fundi, kaa kwenye benchi, agiza chai.

Gharama yenyewe iko kwenye kile kinachoingia ndani ya gari. Na hapo ndipo wengi wetu tunapigwa huku tukijisifu kwamba tumepata fundi wa bei poa.

Kwanza tukumbuke magari tunayoendesha. IST, Vitz, Noah, Fit, X-Trail: mengi yamekuja na meli kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kule gari jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi zinapanda kadiri gari linavyozeeka na kudai spea, kwa hiyo wenyewe wengi huona bora waliuze. Kenya wanapokea yasiyozidi miaka 8, sisi Tanzania tunapokea hata wazee wao, mradi kodi ya uchakavu imelipwa. Sasa, gari la namna hiyo wakala wa hapa hakuliuza. Kijitabu chake kimeandikwa Kijapani, waranti iliisha kabla halijapanda meli, na historia ya sevisi, kama ipo, ni stika iliyobandikwa mlangoni ambayo hakuna anayeisoma. Sababu kubwa ya kumlipa wakala, yaani kulinda waranti, kwa wengi wetu haipo tangu mwanzo.

Mwenye gari jipya ni habari nyingine. Shemeji yangu ana Hilux aliyoitoa dukani ikiwa na plastiki kwenye viti, na anaipeleka kwa wakala kila tarehe ikifika. Simlaumu hata kidogo. Marekani ipo sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kukunyima waranti kwa sababu tu sevisi ulifanya kwingine, na Umoja wa Ulaya nao una kanuni zinazoelekea huko. Wa huku asijitetee kwa sheria ya Marekani. Asome masharti ya waranti yake kabla hajafungua boneti.

Turudi kwenye vimiminika, maana ndiko uwanja wa mapambano. Kwa petroli na dizeli serikali iliona uchakachuaji umezidi, watu wanachanganya na mafuta ya taa, ndiyo maana kuanzia 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kikemikali, ili mkaguzi akipima pale kituoni ajue. Galoni la oili ya injini halikupata mlinzi wa namna hiyo. Unaingia dukani Kariakoo, magaloni yamepangwa yanang'aa, na kazi ya kutambua lipi ni lipi ni yako. Nakagua kizibo na ile pete yake inayokatika mara ya kwanza, naangalia namba ya toleo, na nanunua duka lile lile kila mara ili nikiuziwa feki niwe na mtu wa kumrudia. Galoni likiisha nalitoboa kabla ya kulitupa, kwa sababu magaloni matupu yana soko lake, na sitaki kujua yanarudi sokoni na nini ndani.

Ukiwa gerejini hayo yote huyaoni. Oili mara nyingi inakuja kwenye chombo kilichofunguliwa tayari, au unaambiwa "hii ndiyo wanayoweka wote". Injini ya lita 1.5 ya IST, ile 1NZ, inakunywa kama lita 3.7 ukibadili na filta. Galoni ni lita 4. Hicho kinachobaki umelipia wewe, na sijawahi kumsikia mteja akikiulizia.

Oili ya injini angalau inavumilia. Kosea ya giaboksi uone. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 kuja huku yana gia za CVT, zinazotumia mkanda wa chuma, na kila kampuni ina kimiminika chake: Fit za mwanzo zinataka HMMF, Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana vyao. Ukimimina ile hidroliki nyekundu ya giaboksi za kawaida, gari litaondoka gerejini vizuri tu. Litaanza kutetema baadaye, ukiwa mlima Kitonga na familia, na hapo fundi atakwambia giaboksi za CVT ndivyo zilivyo, hazidumu. Fundi akisema mbele yangu kwamba hidroliki ni hidroliki tu, naomba funguo zangu kwa adabu.

Halafu kuna plagi za Fit. Injini ile ya kwanza ya lita 1.3, i-DSI, ina silinda nne na plagi nane, mbili kwa kila silinda. Nne zinaonekana ukifungua boneti, nne zimejificha upande wa nyuma, kuzifikia ni kazi ya kuchubua vidole. Kuna Fit nyingi mjini zimebadilishiwa plagi za mbele peke yake, na wenye nazo wanalalamika ulaji wa mafuta. Wa kulaumiwa ni nani? Kijana wa gereji aliyelipwa hela ya soda kwa kazi hiyo aliona nne, akabadili nne.

Na hapa ndipo mimi na wenzangu wanaojifanyia sevisi tunapoachana. Wao wanasema mafundi wezi. Mimi nasema tumewafundisha wizi wenyewe. Mtu anayelipa bili ya mgahawani bila kunung'unika anafika gerejini, fundi amelala kwenye boksi chini ya gari nusu siku, na bado anamkata hela ya ufundi mpaka inakuwa aibu. Fundi ana kodi ya nyumba na watoto wana ada. Atakula wapi? Kwenye spea. Ile tunayoiita cha juu: pedi za breki anazozipata mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kwa bei moja anakutajia nyingine, na kwa kuwa faida yake iko kwenye tofauti hiyo, atachukua zile za bei ya chini kabisa. Kwa hiyo ule ufundi wa bei poa umeulipa, tena mara mbili, kwanza kwenye risiti, pili pedi zinapoanza kulia baada ya muda mfupi.

Kwa wakala cha juu nacho kipo, isipokuwa kimeandikwa kwenye bili kwa herufi nzuri na kuna kiyoyozi. Nimeona bili ambayo "vifaa vidogo vya kazi" vilikuwa ghali kuliko filta ya hewa, na pendekezo la kusafisha injini kwa dawa ambalo hakuna popote kwenye kijitabu cha gari lile. Ukiuliza bei ya kazi kwa simu, unaambiwa lete gari kwanza. Duka gani lingine unaingia bila kujua bei? Lakini niwatendee haki: ukiwekewa oili yao, una uhakika mkubwa kwamba ni oili kweli, na kazi yote inaandikwa. Kwa gari la ofisi au la mtu asiye na muda, hilo lina thamani.

Mashine zao za kusoma gari pia si za kubeza. Siku hizi unaweza kununua kifaa kidogo cha Bluetooth, ukakichomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu kwa nini taa ya injini inawaka. Ninacho. Lakini namba ya kosa inakutajia mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. P0171 maana yake hewa imezidi mafuta; inaweza kuwa mpira uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Nusu ya sensa za oksijeni zinazouzwa mjini, kwa hisia zangu, zinanunuliwa na watu waliosoma namba wakaishia hapo.

Kwa hiyo mwenyewe nafanya oili na filta, plagi, betri, kulanti, balbu, na kuangalia unene wa pedi. Kubadili oili kwa mkono wako kuna faida ambayo hakuna anayeitangaza: unalala chini ya gari unaona. Raba ya CV joint, kile kiungio kinachozungusha tairi, iliyochanika unaikuta ikiwa bado ni raba ya bei ndogo, kabla mchanga haujaingia ukala joint nzima. Kuvuja kwa rejeta unakuona kabla geji ya joto haijapanda. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala tofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Sigusi airbag. Sigusi gesi ya kiyoyozi. Mkanda wa taimingi nao simo: kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ taa ya T-BELT inawaka kila kilomita 100,000, na fundi aliyewahi kuufunga mara nyingi ana haki ya kulipwa vizuri. Magari ya mseto kama Prius na Aqua, yanayozidi kujaa barabarani Nairobi na hata huku, yana nyaya za rangi ya machungwa, na betri kubwa ya Prius ina volti zaidi ya 200. Huko nenda kwa aliyesomea, awe wa wakala au wa chuo cha ufundi cha VETA, na umuulize amejifunza wapi.

Fundi wangu nimempata kwa njia hiyo. Tulikubaliana hivi: ufundi anataja bei yake na sipunguzi, spea nanunua mwenyewe au tunakwenda dukani pamoja, na vilivyotoka kwenye gari vinarudi kwenye buti yangu. Mwanzoni alidhani simwamini. Sasa anawaambia wateja wengine wafanye hivyo hivyo, kwa sababu imemwondolea kugombana na watu juu ya pedi za Gerezani.

Shemeji nimemshauri naye aanze na dogo tu: akienda kuchukua Hilux yake, aombe aonyeshwe filta ya zamani. Anasema ataonekana mshamba pale mapokezi.