Nilivyomfanya mama mwenye nyumba kuwa nge

Mwenye nyumba wangu hapa Kisenyi, Kampala, ni mama ambaye hata paka wake analipa kodi kwa wakati. Siku hiyo akanisikia napigia jirani falaki, yaani kumsomea nyota, kwenye simu, akaja na kigoda chake kabisa. "Mwanangu, nitazame na mimi. Nilizaliwa siku ile Idi Amin anampindua Rais Obote, saa mbili asubuhi."

Tarehe gani rahisi kama hiyo, 25 Januari 1971! Nikaandika, nikaweka Kampala, saa nikagonga 2:00, si kasema mbili? Nikatoa masaa 3 ya kufikia saa ya Greenwich, ile ya Uingereza inayotumika kwenye hesabu za nyota, ikanirudisha tarehe 24 saa 23:00, na hiyo nikaisoma vizuri kabisa, saa tano usiku, ila ile 2:00 yangu wala sikuishuku. "Mama, kwa saa ya Greenwich ulizaliwa Obote bado ni rais!" Alicheka mpaka kabalagala, kile kitumbua cha ndizi, ikamponyoka.

Jua liko Ndoo, Mwezi uko Mbuzi, na buruji, yaani alama ya nyota, iliyokuwa ikichomoza mashariki ni Nge.

Banange, alivyoipenda! Wiki nzima ukichelewesha kodi unasikia mlangoni, "Nge amefika." Mimi mwenyewe nikaongezewa elfu ishirini, eti nge habembelezwi.

Sasa Ijumaa usiku niko kitandani usingizi unakuja, mara nikakaa kama nimemwagiwa maji: simu inasoma saa za Kizungu! Saa mbili asubuhi ni 8:00. Masaa 6 nimeyameza. Jua halikuhama buruji, Mwezi nao kwa masaa hayo unasogea kama digrii 3 tu, lakini hiyo ya kuchomoza inamaliza buruji zote 12 kwa siku moja, yaani nimekosea kwa tatu nzima. Nikahesabu kwa vidole gizani, Mshale, Mbuzi, ya tatu... Ndoo. Na Jua si lilikuwa Ndoo tayari?

Asubuhi nikamkuta bombani, foleni ndefu, wapangaji wote wapo. Ningenyamaza tu, ila mdomo wangu nao.

"Mama, samahani, nilikosea hesabu. Wewe sio Nge. Wewe ni Ndoo. Tena mara mbili."

Akaniangalia. Akaiangalia aliyoishika, ya bluu, mpini umefungwa waya.

"Mimi? Ndoo?"

Nyuma huko mtu akakohoa kicheko. Kodi haikushuka hata shilingi, na maji nachota mtaa wa pili mpaka leo.