Siku Nne au Miaka Miwili: Albamu Mbili za 1991 na Suala la Muda wa Studio

Mwaka 1991 ulileta albamu mbili za roki ya kujitegemea ambazo mpaka leo hutajwa kila bendi changa inapobishana ilipie siku ngapi za studio. Ya kwanza ni Spiderland ya Slint, vijana wa Louisville, Kentucky. Waliirekodi Chicago Agosti 1990 kwa siku nne, fundi wa sauti akiwa Brian Paulson, na lebo ya Touch and Go ikaitoa Machi 1991. Ya pili ni Loveless ya My Bloody Valentine. Kazi yake ilianza Februari 1989, ikahamahama katika studio 19, na lebo ya Creation ya London ikaitoa Novemba 1991. Wanaopenda kasi hushika ya kwanza kuwa ushahidi wao, na wanaoamini subira hushika ya pili. Kila upande una hoja nzito. Ila pande zote mbili huhesabu siku za studio na kusahau kazi iliyofanyika nje ya studio, na hapo ndipo mjadala unapopotoka.

Siku nne za Slint zilitanguliwa na kiangazi kizima cha mazoezi ya nyimbo zilezile. Albamu ina nyimbo sita tu, dakika 39 hivi, na muziki wake umesimama juu ya watu kusikilizana: gitaa linanyamaza, dramu zinangoja, kisha wote wanaingia kwa pamoja bila kuhesabiwa. Mwendo hupanda na kushuka kidogo kufuata hisia ya kipande. Ukirekodi muziki wa namna hiyo kwa mtindo wa vipande, yaani dramu kwanza kwa kufuata metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), kesho besi, keshokutwa magitaa, kungojana huko kunatoweka. Kila mpigaji anakuwa anamfuata mtu ambaye tayari ameondoka. Kwa bendi kama hii, hoja ya kasi ni sahihi kabisa: wakusanyike chumba kimoja, wapige, wachague teki nzuri (teki ni jaribio moja la kurekodi wimbo), waendelee.

Lakini kurekodi pamoja kuna masharti, na wanaosifu siku nne huyapitia haraka mno. Sauti ya dramu huvuja kwenye maikrofoni za magitaa, na ya magitaa huvuja kwenye maikrofoni za dramu. Kuvuja peke yake si ubaya. Mara nyingi ndiko kunakokipa chumba uhai. Ubaya huanza pale mpiga gitaa anapokosea noti na kutaka kuirudia peke yake. Noti ile mbaya imeshaingia kwenye maikrofoni zilizoning'inia juu ya dramu, kwa hiyo itasikika nyuma ya noti mpya hata ukifuta traki yake, yaani rekodi ya gitaa peke yake. Hapo kuna njia mbili tu: kupiga wimbo wote upya au kuliacha kosa likae.

Kanuni ya kupunguza uvujaji ni kuweka umbali kati ya maikrofoni mbili usiopungua mara tatu ya umbali kati ya maikrofoni na chombo chake. Maikrofoni ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye amplifaya, ya jirani ikae sentimita 60 au zaidi. Ukiweka mbili kwenye amplifaya moja, jihadhari zaidi. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde 1, hivyo maikrofoni moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa umbali huo na zote zikachanganywa kwa nguvu sawa, masafa ya hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde) yanafutika, kisha 1,500, kisha 2,500. Gitaa linatoka jembamba, na mafundi wengi hulaumu amplifaya.

Enzi ya kanda ilisukuma uamuzi kwa nguvu nyingine. Kanda ya futi 2,500 hukaa dakika 33 ikizunguka kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, na nusu ya hapo kwa kasi ya inchi 30. Wimbo wa karibu dakika 9, urefu wa "Washer" wa Spiderland, unaingia mara moja tu kwenye kanda ya kasi kubwa. Anayetaka teki ya pili anunue kanda nyingine au afute ya kwanza. Leo kompyuta huhifadhi teki mia bila malalamiko, na bendi hujikuta inatumia jioni nzima kulinganisha teki ya 14 na ya 22 huku masikio yamechoka.

Kasi ya Slint ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo iliangukia sauti ya mwimbaji. Mashairi yalikamilishwa dakika za mwisho, na uimbaji wenyewe haukuwa umefanyiwa mazoezi na bendi. Mwimbaji Brian McMahan alipiga kelele mwishoni mwa "Good Morning, Captain" mpaka akaugua. Kwenye "Don, Aman" mnong'ono ule hauna mbadala. Wiki moja zaidi ingeuharibu. Hata hivyo huo ni mwanya uliofunguka kwa bahati, na kuutaja kama mbinu ni kuwapotosha wengine. Bendi nyingi zinazoacha uimbaji kuwa kazi ya siku ya mwisho hurudi na koo iliyokauka na maneno yasiyosikika.

Loveless ilizaliwa kwa njia iliyokuwa kinyume cha hiyo, kwa sababu zinazoeleweka. Kevin Shields, kiongozi wa My Bloody Valentine, alipiga karibu magitaa yote na besi pia. Mpiga dramu Colm Ó Cíosóig alikuwa mgonjwa, hivyo sehemu kubwa ya dramu iliundwa kwa sampuli, yaani vipande vifupi vilivyorekodiwa, za mapigo yake mwenyewe. Bendi ya kufanya mazoezi chumbani haikuwepo. Na kiini cha nyimbo kilikuwa sauti yenyewe: Shields alishika wenzo wa tremolo, ule unaokaza na kulegeza nyuzi za gitaa, huku akipiga nyuzi, noti ikawa inateleza juu na chini kila mkono ulipopita. Aliongeza mwangwi uliogeuzwa, ule unaovimba badala ya kufifia. Sauti ya mwimbaji Bilinda Butcher iliwekwa matabaka hadi traki 12 na zaidi. Mambo hayo hayafanyiwi mazoezi. Hutafutwa mbele ya spika, na kuyatafuta kunakula muda.

Waigaji wengi hudhani siri ni kurundika magitaa, ilhali Shields amesisitiza kwamba magitaa ya Loveless ni machache kuliko yanavyosikika. Fundi yeyote aliyejaribu kurundika anajua sababu. Magitaa mazito hugombania eneo la hezi 200 hadi 500. Ukifika tabaka la sita, mshindo wa mwanzo wa kila pigo umezibwa, dramu ndogo imezama, na kuongeza sauti hakuleti ukubwa tena. Afadhali magitaa mawili yenye umbo tofauti kuliko kumi yanayofanana. Kwenye sauti za waimbaji, herufi za s na t ziachwe kwenye traki moja tu, na nyingine zizimeze. Bila hivyo kila neno linamalizika kwa mchakacho.

Upande wa subira nao una doa. Kuhama studio si kuendelea kutafuta sauti. Ni kuanza upya. Kila chumba kina spika zake na besi yake, na masikio huhitaji siku moja au mbili kabla hayajaaminika. Ukihama mara kumi na kitu, umetumia wiki nyingi kujifunza vyumba. Gharama ya albamu ile hutajwa sana kuwa pauni 250,000, ingawa Shields amekuwa akiupinga mkadirio huo na kusema fedha nyingi zilikuwa za kujikimu. Hata tukimwamini, kujikimu kwa zaidi ya miaka miwili nako ni gharama, na lebo ndogo ndiyo iliyoibeba.

Mapokezi hayaamui ugomvi huu, ingawa hutumiwa hivyo. Spiderland ilitoka bendi ikiwa imeshavunjika na ikauzwa kidogo. Fundi wa sauti Steve Albini aliiandikia uhakiki katika gazeti la muziki la Melody Maker na kuipa nyota kumi, lakini sifa kubwa ilikuja taratibu: "Good Morning, Captain" iliingia kwenye muziki wa filamu ya Kids mwaka 1995, na mwaka 2014 likatoka toleo la kifahari pamoja na filamu ya kumbukumbu. Loveless ilisifiwa na wachambuzi tangu mwanzo, ikafika nafasi ya 24 Uingereza, kisha Creation ikaachana na bendi. Albamu iliyofuata ilitoka mwaka 2013. Tofauti yenye uzito iko kwenye hesabu: mauzo madogo yanaweza kurudisha fedha za siku nne, hayawezi kurudisha za miaka miwili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kulipa studio ni wapi wimbo wenu unaishi. Wekeni simu moja katikati ya chumba cha mazoezi, mpige wimbo wote, msikilize kesho yake. Ukiwa bado umesimama kwenye rekodi hiyo chafu, ni wimbo wa Slint: fanyeni mazoezi miezi miwili, lipieni siku nne au tano, rekodini pamoja. Ikiwa kile mnachokipenda hakimo kabisa, basi mnahitaji muda wa kutafuta, lakini mtafute kwenye chumba kimoja, na spika zilezile, na mtu mmoja mwenye haki ya kusema imetosha. Katika hali zote mbili, tengeni angalau theluthi ya siku zenu za studio kwa uimbaji na kumiksi (kuchanganya traki zote), na maneno yawe yameandikwa kabla ya nyaya kuchomekwa.