Sikumwita bosi kuku

Niliweke hili sawa mapema, maana jamaa wa stoo kashalisambaza kwenye magrupu matatu, na la tatu ni la ukoo wetu, sijui hata nani alimuunga. Mimi sikumwita bosi kuku. Nilisema anacheka kama kuku. Ni vitu viwili tofauti, na shangazi wa Tandika naomba uache kunipigia.

Ni Ijumaa hii iliyopita, masikio bado yanawaka. Bosi wetu, mama wa Kiingereza, mkataba umeisha, anarudi kwao. Tukamkodia bustani Mikocheni, pilau, soda, kuku wa kuchoma. Ikafika zamu ya kutafuta msemaji, ofisi nzima ikanigeukia: "Wewe si umesoma HKL?" Mliopita mchepuo huo wa Historia, Kiswahili na Lugha mnajua. Ile L ya mwisho ni Kiingereza, na mimi niliivuka kwa dua za mama.

Sifa kubwa ya huyu mama ni kicheko. Akicheka ghorofa ya pili, mlinzi getini anatabasamu bila kujua kuna nini. Nikaona hotuba yote iwe juu ya kicheko chake. Basi asubuhi, ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, kwapa la mtu liko usawa wa pua, nikafungua kamusi kwenye simu.

Ndugu zangu, wenzetu kila kicheko wamekipa jina lake. "Giggle" ni kile cha wasichana wakipita mbele ya bweni la wavulana. "Chuckle" ni cha mzee anayejichekea taratibu na gazeti lake. "Guffaw" ni cha kubwata, cha kijiwe cha bao. "Titter" niliiruka, haikunikaa vizuri mdomoni mbele za watu wazima. Kuna "chortle", hii aliibuni Lewis Carroll mwaka 1871 kwa kuchanganya "chuckle" na "snort", ule mkoromo wa puani. Nikasema neno la kuungwaungwa halifai kwa bosi. Kumbe ndilo lingeniokoa.

Kufika Ubungo nikakutana na "cackle". Kamusi inasema: sauti ya kuku aliyetaga, na pia kicheko cha sauti ya juu. Hapo ndipo shetani aliponipitia. Sisi si huwa tunaangua kicheko? Na nani mwingine huangua? Kuku! Nikajiona profesa. Maelezo yalikuwa yanaendelea, kuna mahali niliona habari za wachawi, lakini mlango ukafunguka Magomeni, watu wakanisukuma, sikumalizia.

Halafu nikachukua na "snicker". Hii sikuifungua kabisa. Nilikumbuka ile chokoleti, Snickers, nikasema lazima ni kicheko kitamu. Nimekuja kusoma baadaye kwamba chokoleti ilipewa jina la farasi wa familia ya Mars, mwaka 1930. Farasi, jamani.

Sasa vuta kiti.

Nimeshika maiki. Karatasi inatetemeka kidogo. Bosi yuko meza ya mbele na mumewe, wamekaa mkao wa kusifiwa. Nikaanza vizuri tu, makofi yakapigwa. Nikanogewa. Nikainua kidole, nikasoma polepole ili kila mtu afaidi: "Whenever we brought you our problems, you always snickered."

Tabasamu la bosi likabaki pale pale, ila macho yakaondoka. Maana "snicker" ni kile kicheko cha kubana, cha kumdharau mtu chini kwa chini. Nimemwambia mama wa watu, hadharani, kwamba tukimpelekea shida zetu anatucheka.

Mimi nikadhani kaguswa. Nikaongeza sauti: "And when you cackle, we know the day has begun!"

Kimya. Nilisikia mafuta ya kuku yakidondokea kwenye mkaa. Mume wake alikuwa anapeleka glasi mdomoni, ikasimama njiani. Bosi akainamisha kichwa upande mmoja, akauliza kwa upole ule wa Kiingereza unaoua: "I cackle?"

Angeniuliza kwa Kiswahili ningejieleza vizuri, kuangua hivi na kuangua vile. Kaniuliza kwa Kiingereza. Kichwa kikawa cheupe. Nikatafuta neno, likaja moja tu.

"Yes, madam. Like a chicken." Nikaona haitoshi. "A good chicken."

Kule nyuma, dereva wetu, mzee wa heshima zake, Kiingereza si chake lakini "chicken" anaijua, akadhani chakula kimetangazwa. Akanyanyuka, akachukua sahani, akaelekea kwenye jiko. Wawili wakamfuata. Wakapanga foleni, wakasubiri.

Bosi akawaangalia. Akaniangalia mimi. Akawaangalia tena. Halafu kikamtoka. Na wallahi, naapa kwa huo mkaa, kilikuwa kicheko cha kuku aliyetaga, tena yai la kwanza. Ko-ko-ko-koo, bustani nzima! Mumewe akashika meza. Mhasibu akalala begani kwa mtu asiyemjua. Mnaotoka Kagera mnaijua Kashasha, mwaka 1962, kicheko kilivyoambukizana shuleni mpaka shule ikafungwa. Ilikuwa kitu hicho hicho, tofauti yake mimi tu ndiye sikuambukizwa. Nilibaki na maiki mkononi, ukurasa wa pili ukiwa haujasomwa.

Mengine hayana maana. Tukala, zawadi ikatolewa, bosi akanikumbatia akasema hotuba ile hataisahau, nikapanda bajaji bila hata kuuliza bei.

Leo asubuhi nimekuta yai mezani kwangu ofisini. Limechemshwa, na chumvi imefungwa pembeni kwenye kikaratasi. Stoo wanajifanya wanahesabu mali.

Nimelila.