Jua la kutengeneza na sisi wa Mwanga

Enzi zile Kigoma inategemea majenereta ya dizeli, mtaa wetu wa Mwanga ulikaa gizani kuliko jina lake linavyoruhusu. Kwa hiyo mpwa wangu alipoingia juzi na "Shikamoo mjomba, umesikia? Wazungu wametengeneza jua, umeme utakuwa bure," nilicheka kwanza, kisha nikamvutia kiti.

Hakudanganywa kwa yote. Desemba 5, 2022, maabara ya Lawrence Livermore kule California ilipiga kwa miale ya leza kidonge kidogo cha haidrojeni nzito. Ziliingia megajuli 2.05 za nishati, zikatoka 3.15. Viini vya atomi viliungana kama vinavyoungana ndani ya jua. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba leza zenyewe zilivuta takriban megajuli 300 kutoka gridi. Ni kama umalize gunia la mkaa kwa kikombe kimoja cha chai, halafu ujisifu kuwa moto wa jiko umeushinda wa kiberiti.

Nenda vijijini kwetu ukawatazame akina mama wanaochemsha chikichi. Pipa liko juu ya mafiga, kuni zinasukumwa taratibu. Ukichomoa mbili, pipa linatulia. Moto wa kuunganisha atomi hauna pipa lake. Unatakiwa ufike nyuzi milioni 150 hivi, mara kumi ya joto la kitovu cha jua, na hakuna chuma kitakachoguswa nao kikabaki chuma. Basi wanauzingira kwa sumaku usifike ukutani. Februari 2025 mtambo wa majaribio wa WEST, Ufaransa, ulishikilia plazma, yaani gesi iliyopata moto hadi atomi zake zikapasuka, kwa dakika 22. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni, ingawa haikutoka hata wati moja ya kuwasha taa.

Kuni nazo? Deuteriamu, aina moja ya hiyo haidrojeni nzito, imo majini, hata humu Ziwa Tanganyika. Kimbembe ni tritiamu, aina ya pili: nusu yake huoza katika miaka 12 na ushee, huwezi kuiweka ghalani. Itabidi mtambo wenyewe uizalishe kutoka lithiamu, na hakuna mtambo uliokwisha kufanya hivyo kwa kiasi cha kujitosheleza.

Ndiyo maana tarehe zinasogea. Mkataba wa ITER, mtambo mkubwa wa majaribio wa mataifa mengi unaojengwa Ufaransa, ulisainiwa 2006, na baadaye plazma ya kwanza ikapangiwa mwaka 2025. Mwaka 2024 wakapanga upya: utafiti uanze 2034, mafuta yenye tritiamu yaingie 2039. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, hesabu mwenyewe.

Sipingi utafiti huo. Moto huo hautoi hewa ya ukaa, na ukikorofisha unazimika wenyewe. Kinachonikera ni hilo neno "bure". Maji ya mto Malagarasi nayo ni bure, lakini nani ataletewa umeme wake bila nguzo, waya na mita?

"Kwa hiyo mjomba, nisisome fizikia?"

Nikamwambia asome, tena sana. Sumaku hizo zinataka mafundi. Ila kwanza abebe betri ya taa za dagaa aifikishe Kibirizi. Mwezi umekufa, na baba yake anaingia ziwani jioni.