Wamesaini Washington, Uvira Ikaanguka

Tarehe 4 Desemba 2025 Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walisaini mkataba wa amani Washington, Trump akiwa pembeni. Tarehe 10 M23, waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, walikuwa ndani ya Uvira, mji wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Na bado kuna watu wanatuhimiza sisi Wakongo wa Goma tuipe diplomasia muda.

Diplomasia siikatai. Kinachonikera ni undumilakuwili. Nchi zinaweza kuchukiana, hata kupigana, kisha zikakaa mezani, mradi kila upande useme wazi unataka nini. Lakini jirani anayekana kwamba jeshi lake limeingia kwako, mtapatana naye juu ya nini? Utamwomba aondoe askari ambao kwake yeye hawapo?

Haya tumeshayaishi. Vita vilipoanza huku Kivu mwaka 1996, Kigali ilikana kuhusika. Julai 1997, Mobutu ameshakimbia, Kagame mwenyewe akaliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyovipanga na kuviongoza. Tangu hapo Kigali ikisema "hatumo", nani Goma anaamini? Hata siku watakaposema kweli hatutawaamini, na hilo ni janga kwa nchi zote mbili, maana hatuwezi kuhama wala wao hawawezi. Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuwa wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako kwetu. Februari 2025, mji wetu umeshatekwa, CNN ikamuuliza Kagame kama askari wake wako Kongo. Akajibu kwamba hajui. Amiri jeshi mkuu hajui! Watu walikuwa bado wanazika wafu wao.

Waliojaribu kupatanisha nao wamechoka. Angola ilipata usitishaji vita ulioanza 4 Agosti 2024, mkutano wa marais wa 15 Desemba ukavunjika, na Machi 2025 Luanda ikajiondoa. Ubalozi nao ulishakufa zamani: Kinshasa ilimfukuza balozi wa Rwanda Oktoba 2022.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulishakuwa na kitu. CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ilizaliwa Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka wetu, mwaka 1976, sisi, Rwanda na Burundi, na kwa lesepase yake, kibali cha kuvukia mpaka, mtu alivuka bila kuhangaika na pasipoti. Wamama wa Birere, mtaa wa Goma, wanaopita kivuko cha mpaka cha Petite Barrière na nyanya na maziwa hawajawahi kuwa na ugomvi na wenzao wa ng'ambo. Wanakopeshana, wanaoleana. Viongozi wakidanganyana, hao ndio wanaofungiwa mpaka na kuitwa wapelelezi.

Kinshasa si safi, lazima niseme ingawa sipendi. Novemba 2023 jeshi letu lilipiga marufuku askari wake kushirikiana na FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga Kigali, na ripoti za Umoja wa Mataifa zikaendelea kuonyesha ushirikiano huo. Kila tunapofanya hivyo tunampa Kagame kisingizio mkononi. Ulaya nayo ilisaini makubaliano ya madini na Kigali Februari 2024, halafu ikaja kutupa pole.

Azimio 2773 la Baraza la Usalama, la Februari 2025, linaitaka Rwanda iondoe jeshi lake bila masharti. Basi kabla ya sherehe nyingine ya kusaini, Kigali iandike ina askari wangapi kwetu, wako wapi, wanatoka lini. Kinshasa iandike ni makamanda gani bado wanashirikiana na FDLR, na itawafanya nini. Karatasi hiyo isomwe redioni, hapa Goma na Gisenyi, siku moja.