Benchi la mbele

Jumapili yangu ya kwanza nyumbani, Desemba 2025, nilifika kanisani kwetu Eastlands misa ikiwa imeshaanza. Nilitaka kujibanza nyuma karibu na mlango, pale wanapokaa kina mama wenye watoto wachanga. Mhudumu akaniona. Akanishika mkono hadi benchi la mbele, akamwinamia mama mmoja mzee na kumnong'oneza. Mama akaokota kitabu chake cha nyimbo na mkoba, akahama. Mimi nikaketi. Mbao zilikuwa bado na joto lake.

Wakati wa matangazo nikatambulishwa: dada yetu kutoka Uingereza, ana kazi kubwa hospitalini. Makofi. Sikusahihisha kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Nilikuwa meneja wa tawi la benki hapa Nairobi, soja akiniita Madam kabla sijateremsha kioo cha gari. Leo natunza wazee katika nyumba moja karibu na Leeds. Februari 2022 Uingereza iliwaingiza watunza wazee katika viza ya wafanyakazi wa afya, nasi tuliobanwa na mikopo tukaona mlango. Walimu, wahasibu, hata mchungaji mmoja ninayemfahamu.

Naosha watu, nabadilisha nepi. Kuna mzee aliyekuwa dereva wa basi, ana kisukari, na miguu yake ndiyo zamu yangu ya jioni. Unapima maji kwa kiwiko kwa sababu yeye mwenyewe hasikii tena kama yanachoma. Unaosha kisigino, unageuza wayo kwenye taa utafute mchubuko, kisha unakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, maana kidonda kidogo hapo kinaweza kuishia kukatwa mguu. Huwa ananisimulia habari za njia za basi. Ananiita kwa jina langu la kwanza, kama anavyomwita daktari wake.

Wakenya wenzangu kule hupenda kusema Wazungu wametushinda unyenyekevu: bosi anajichemshia chai, hakuna Mheshimiwa wala Injinia. Sikubali. Vyeo vyao vimehamia kwenye lafudhi na shule aliyosoma mtu, na mgeni ndiye asiyevisikia. Sisi angalau vyetu tunavitamka.

Nilichodanganyika nacho zaidi ni nafsi yangu. Miaka mitatu niliwaandikia wanajumuiya kwenye WhatsApp kwamba Bwana amenifundisha kujishusha. Kujishusha gani? Nilishushwa. Mkopo ndio ulionishusha. Paulo akiwaandikia Wafilipi, sura ya 2, hasemi Kristo alinyang'anywa utukufu wake. Aliuacha mwenyewe, akatwaa namna ya mtumwa. Aliyenyang'anywa hawezi kujua kama ameachilia, mpaka siku atakaporudishiwa. Mimi nilirudishiwa Jumapili ile, na tazama jinsi nilivyokaa.

Nairobi nayo haimsaidii mtu, lazima niseme. Hapa ukitambulishwa bila cheo watu wanauliza pembeni kama umefilisika. Hata ibada zetu za unyenyekevu tumezipiga pasi. Alhamisi Kuu padre anaosha miguu ya watu 12, na kila mtu anajua imeshasuguliwa kwa jiwe nyumbani na kupakwa mafuta kabla ya kuletwa altareni. Ndiyo maana Papa Fransisko alituchanganya mwaka 2013, alipokwenda kuosha miguu ya vijana waliofungwa katika gereza la Casal del Marmo huko Roma, wakiwemo wasichana na Waislamu. Kwetu wapo walionuna. Miguu ya mfungwa haijaandaliwa na mtu.

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo alipotangaza kwamba shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais Ruto katika parokia ya Soweto zitarudishwa, nilishangilia nikiwa Leeds, nikasambaza habari hiyo kila kundi. Wanasiasa waache kununua viti kanisani! Mimi changu sikukinunua. Nililetewa, na kitu cha kuletewa unakiona haki yako upesi sana.

Jioni ile nilimwambia Mama. Alikuwa jikoni anakata sukuma wiki.

"Mama, si hospitali. Naosha wazee."

Hakuinua macho. "Nyanya yako nilimwosha miaka minne. Nani aliniita mbele nitambulishwe?"

Nilikosa la kusema. Akakusanya mboga kwenye sufuria, akajipangusa mikono.

"Kwani wanakulipa ngapi?"

"Pauni 12.21 kwa saa. Kima cha chini cha sheria yao."

Alichukua simu, akavaa miwani, akapiga hesabu. Ilizidi shilingi 2,000. "Kwa siku?" Kwa saa, Mama. Akapiga tena. Kisha akatoka uani, na nikamsikia akiongea na jirani kwa sauti ambayo haikuwa ya siri.

Kufikia Jumatano jumuiya nzima ilikuwa na hesabu hiyo. Kuna aliyenifuata kuniuliza habari za viza, nikamweleza kwamba mlango umefungwa kwa wapya tangu Julai, akadhani namnyima.

Jumapili iliyofuata niliwahi, nikaketi nyuma karibu na mlango. Mhudumu alinifuata mpaka huko, safari hii akiwa na mwenyekiti wa jumuiya.