Fomu ya shule, kiboko na ibara ya 44

Mwezi wa pili nilimpeleka binti yangu kuanza sekondari katika shule moja ya serikali. Fomu aliyopewa ilikuwa na kurasa tatu: fagio mbili, rimu ya karatasi, karatasi za choo, jembe, godoro. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, mzazi anatia sahihi kukubali mambo matatu: mtoto atanyolewa kipara, hatakuja na simu, na ataadhibiwa kwa namna yoyote ambayo uongozi utaona inafaa. Huo mstari wa tatu niliukata kwa kalamu. Karani hata hakuuangalia. Alitaka kujua fagio ziko wapi.

Jioni, barazani kwetu Walukuba, Jinja, watu waligawanyika. Wazee waliona nimemjaza mtoto kiburi kabla hajaliona darasa. Mchelea mwana kulia, walisema, hulia yeye. Vijana walinilaumu kwa kukata mmoja tu. Katiba imempa mtoto haki, basi mistari yote mitatu ilistahili kalamu.

Naona pande zote mbili zimejikwaa kwenye kisiki kimoja. Zinaichukua Katiba kama gunia: ama liingie lote getini, ama libaki nje. Lakini Katiba ya Uganda ya 1995 imezipanga haki kwa madaraja. Ibara ya 43 inaruhusu haki ziwekewe mipaka kwa ajili ya haki za wengine au manufaa ya umma, mradi mipaka hiyo isizidi kile kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Ibara ya 44 inataja chache ambazo hazipunguzwi kwa kisingizio chochote, na mbili kati yake zinaihusu shule moja kwa moja: kutotendewa ukatili au udhalilishaji, na kusikilizwa kwa haki.

Kwa hiyo walimu wakuu wana nafasi kubwa kuliko vijana wetu wanavyodhani. Wanafunzi Waadventista Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere waliishtaki taasisi yao, ambayo ni ya umma, kwa kuwapangia masomo na mitihani siku ya Sabato. Uhuru wa dini uko wazi katika ibara ya 29, lakini walishindwa Mahakama ya Katiba, wakashindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2006. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka, simu haina pa kujitetea.

Kipara ni kigumu zaidi. Shule husema nywele huleta chawa, hula muda wa kusoma, na huwatofautisha watoto wa wenye pesa na wa maskini. Hoja hiyo ya mwisho naikubali kabisa. Nimeona wasichana wakipimana kwa misuko. Ila katika shule hizo hizo msichana wa Kihindi huachiwa nywele zake, na chotara mara nyingi vilevile. Chawa hawabagui. Kanuni ikiwa na sababu ya kweli, sababu hiyo iwashike wote, maana ibara ya 21 inadai usawa. Mstari huo sikuukata, lakini bado unaniwasha.

Kiboko hakimo katika hesabu hii ya mipaka. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ililiamua lalamiko lililofunguliwa mwaka 1998 na mwanafunzi wa sekondari aliyepigwa na walimu wake, ikasema kipigo kile kilivunja ibara ya 24, inayolinda utu wa mtu. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yakapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini, au vyote viwili. Sahihi yangu kwenye fomu haiwezi kumpa mwalimu ruhusa ambayo Katiba imemnyima. Nilikata mstari uliokuwa umekufa tayari.

Kusikilizwa ndiko kunakosahaulika, na kwangu ndiko kuzito. Kukitokea mgomo, au godoro likashika moto usiku, asubuhi kidato kizima hurudishwa nyumbani, kisha barua za kufukuzwa hufuata kwa majina yaliyonong'onwa na viranja. Naelewa hofu ya walimu wakuu. Tangu moto wa bweni la shule ya msingi ya Budo mwaka 2008 ulioua watoto usingizini, hakuna mwalimu mkuu anayeweza kusema atasubiri ushahidi. Lakini kumtoa mtoto bwenini kwa siku chache uchunguzi ufanyike ni jambo moja. Kumfukuza kabla hajaulizwa ni jingine. La kwanza ni tahadhari. La pili ni hukumu, na tena mtoto anapoteza masomo yaliyolindwa na ibara ya 30. Kumsikiliza hakuhitaji wakili: aambiwe kosa lake, mzazi aitwe, ajieleze mbele ya bodi.

Jirani yangu mwalimu aliposikia haya alicheka. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 1997, alisema, madarasa yamefurika, na lake lina watoto karibu mia. Serikali ilimnyang'anya fimbo bila kumpa hata mshauri mmoja wa wanafunzi. Hapo ana haki, na sikuwa na jibu la kumpa. Kisha akanisimulia jinsi alivyojaribu hayo hayo ninayoyahubiri. Alimwita mama wa mtoto mmoja msumbufu waketi watatu, mtoto ajieleze. Mama alifika na fimbo ya mpera aliyoikata njiani, majani bado mabichi, akaiweka mezani.

"Mwalimu, shika," alisema. "Mimi nawahi soko."